Chujio la Oili Chafu Linapogoma: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mtu aliyejitengenezea mtambo wa kuchuja oili chafu ya injini kwa mapipa, pampu ndogo na filta ya lori hukutana na matatizo yale yale niliyokutana nayo mimi katika karakana yangu hapa Tanga: oili haipiti, au inapita ikiwa nyeusi kama ilivyoingia, au inatoka na rangi ya chai ya maziwa, au pampu inalia na kutoa povu. Katika yote hayo mkono wa kwanza huenda kwenye filta. Filta hufunguliwa, hutupwa, hununuliwa nyingine, na baada ya lita 20 tatizo linarudi pale pale. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimejifunza kwamba filta ndiyo ya mwisho kustahili lawama. Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla oili haijaifikia, na makosa yenyewe ni matatu: oili ina maji, oili ni baridi, au oili haikupewa muda wa kutuama. Kwa sababu hiyo, katika kila dalili nitakayoieleza nitaanza nyuma, kwenye pipa, kisha nije mbele kwenye filta.

Mtambo ninaouzungumzia

Dalili moja huweza kuwa na maana nyingine katika mtambo wa namna nyingine, kwa hiyo inafaa nieleze wangu ulivyo. Oili kutoka gereji za Ngamiani na Chumbageni inaletwa kwa madumu ya lita 20 na kumiminwa, kupitia wavu wa chujio la jikoni, katika pipa la lita 200 lililoinamishwa kidogo kuelekea mbele. Pipa hilo lina koki mbili: ya chini kabisa ni ya kutolea maji na tope, na ya pili, iliyo sentimita 15 juu ya kitako, ni ya kutolea oili. Oili ikishakaa humo kwa wiki mbili inahamia kwenye pipa dogo lililokaa ndani ya nusu pipa yenye maji, na moto uko chini ya maji hayo, si chini ya oili. Kutoka hapo pampu ya gia inaivuta na kuisukuma katika filta mbili za dizeli za lori, ya kwanza ikiwa na matundu makubwa zaidi kuliko ya pili, na kabla ya filta pana geji ya presha pamoja na valvu inayorudisha oili kwenye pipa chafu presha inapozidi. Mwisho kuna pipa safi lenye mfuniko.

Oili inayotoka hapo kwangu hulisha kichomeo cha tanuru la kuyeyushia alumini. Inayobaki hupakwa kwenye kalibu za matofali ili saruji isigande kwenye chuma, na nyingine hupakwa kwenye minyororo ya mashine. Hairudi ndani ya injini ya gari. Naandika hili mapema kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linasaidia kuelewa dalili nyingi zinazofuata. Filta hukamata kile kinachoelea ndani ya oili, kama vumbi, chembe za chuma na mabonge ya masizi, lakini haiwezi kukamata kile kilichoyeyuka ndani yake. Asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta, petroli iliyopenya kwenye pete za pistoni na oili yenyewe iliyochoka kwa joto vyote hupita katika filta kama chumvi inavyopita katika kitambaa pamoja na maji. Dawa zilizotiwa kiwandani ili kulinda chuma na kuua asidi zimekwisha kutumika, na kuchuja hakuzirudishi. Viwanda vinavyorejesha oili katika hali ya upya huichemsha na kuitenganisha ndani ya ombwe, kazi ambayo haifanyiki kwa mapipa nyuma ya nyumba. Atakayeona oili yake imetoka safi kwa macho na kuitia kwenye injini atakuwa ameisoma vibaya kazi ya chujio.

Oili inapita polepole mno au inasimama kabisa

Hili ndilo lalamiko la kila siku. Kabla ya kufungua kitu chochote, shika pipa kwa mkono. Kama ni baridi, huenda umeshapata jibu. Oili ya dizeli ya daraja la 15W-40 ikiwa katika nyuzi 100 za Selsiasi ni nyepesi mara saba au nane kuliko ikiwa katika nyuzi 40, na kasi ya kupita katika filta hufuata wepesi huo moja kwa moja. Asubuhi za Juni na Julai, kusi inapovuma na pipa limelala nje usiku kucha, oili ile ile iliyokuwa ikipita vizuri mwezi wa Februari hugeuka kama asali. Ipashe hadi nyuzi 60 au 70, usizidishe, kisha jaribu tena kwa filta ile ile. Mara nyingi inafunguka bila kuguswa.

Kama oili ni ya moto na bado haipiti, angalia geji. Sindano ikiwa juu na oili haitoki, filta imeziba kweli. Sindano ikiwa chini na oili haitoki, filta haina kosa: pampu haivuti, au bomba la kuvutia limeziba kwa tope, au koki haijafunguka ndani ingawa mkono wake umegeuka. Wanaotegemea uzito wa oili peke yake, bila pampu, wajue kwamba safu ya oili yenye urefu wa mita 1 hutoa presha isiyofika hata bar 0.1. Kuinua pipa mita 2 juu ya filta hakutoshi kusukuma oili baridi katika filta ya mikroni 5, yaani yenye matundu ya sehemu 5 kati ya elfu za milimita. Kutatosha kwa mfuko wa kitambaa kizito wenye eneo kubwa, na hata huo utahitaji oili iliyopashwa moto. Anayetumia mguu wa suruali ya jinzi kama mfuko asitegemee usafi wa filta ya karatasi, ila kama hatua ya kwanza ya kuondoa takataka kubwa ni kitambaa kizuri sana.

Filta ikiwa imeziba kweli, swali linalobaki ni kwa nini imeziba mapema. Ikate kwa msumeno, si kwa mashine ya kukatia yenye cheche, kisha ikunjue karatasi iliyo ndani na uitazame kwenye mwanga. Tope jeusi laini, zito kama lami, linaonyesha kwamba oili haikutuama vya kutosha au ulifungua koki ya chini ukidhani ni ya juu. Karatasi iliyovimba, iliyolegea na yenye mikunjo iliyogandana inaonyesha maji, kwa kuwa karatasi za filta nyingi hunywa maji na kufunga matundu yake hata kama hazijakamata uchafu wowote. Mng'aro wa chembe za chuma ni habari ya injini ilikotoka oili hiyo. Ukimjua mwenye gari, mweleze, maana huenda beringi zake zinakwisha. Sumaku ya spika iliyoharibika, ikigandishwa nje ya kitako cha pipa la kutuamisha, hukamata sehemu ya chembe hizo mapema. Inakamata chuma tu; alumini na shaba zitaendelea na safari.

Kutuama kunahitaji subira ambayo vijana wengi hawana. Chembe yenye upana nusu ya mwenzake huzama kwa kasi ya robo, kwa hiyo siku tatu za kwanza huondoa mchanga na chembe nzito, na siku kumi zinazofuata ndizo zinazoondoa kile kinachoziba filta. Mapipa mawili ya kutuamisha yanayopokezana, moja likijazwa huku jingine limetulia, hugharimu kidogo kuliko filta zitakazookolewa katika miezi michache.

Oili inatoka nyeusi kama ilivyoingia

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu dalili hii ina maana mbili zinazopingana: huenda mtambo haufanyi kazi kabisa, na huenda unafanya kazi vizuri kabisa.

Weusi wa oili ya injini ya dizeli unatokana na masizi ambayo chembe zake nyingi hazifiki mikroni 1, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Isitoshe, oili yenyewe imetiwa dawa ya kuzuia masizi yasishikane, na dawa hiyo huendelea kuyatawanya hata baada ya oili kumwagwa. Filta ya mikroni 5 itayaacha yapite, na oili itatoka nyeusi hata ukiipitisha mara kumi. Hilo si kosa. Kwa kichomeo cha tanuru masizi hayo hayana neno, kwa kuwa yataungua pamoja na oili. Usipime kwa rangi, basi. Tia oili iliyochujwa katika chupa ya kioo, iache siku mbili bila kuitikisa, kisha iinamishe polepole mbele ya dirisha na utazame kitako. Kama kitako hakina tabaka la tope wala chembe zinazoteleza, mtambo umefanya kazi yake. Kama lipo, endelea kusoma.

Chanzo kinachowapita wengi kimo ndani ya filta yenyewe. Filta nyingi za oili ya injini zina valvu ndogo ya springi iliyowekwa makusudi ili filta ikiziba, injini isikose oili. Presha ikifika kiwango fulani, ambacho kwa filta nyingi ni karibu na bar 1, valvu hufunguka na oili hupita pembeni bila kuchujwa. Kwa injini huo ni ulinzi, lakini kwa mtambo wetu ni mlango wa nyuma. Utautambua hivi: sindano ya geji hupanda siku baada ya siku jinsi filta inavyojaa, kisha hufika mahali ikaganda hapo hapo wiki nzima, huku oili ikitoka kwa kasi nzuri. Fundi mgeni hufurahi kwamba filta yake haizibi. Filta isiyoziba kamwe haichuji kitu.

Dawa yake ni kutumia filta za dizeli, ambazo kwa kawaida hazina valvu hiyo. Lakini hapo unaingia katika hatari nyingine, kwa kuwa pampu ya gia haijui kusimama: ikikuta njia imefungwa itaendelea kusukuma mpaka kitu kipasuke, na kinachopasuka huwa ni filta au mpira wa bomba, na oili ya nyuzi 70 huruka usoni mwa aliye karibu. Ndiyo maana valvu ya kurudisha oili kwenye pipa chafu haiepukiki. Mimi nimeiweka ifunguke kabla presha haijafika bar 2, na geji ikikaribia hapo najua kwamba filta imemaliza kazi yake.

Sababu nyingine ni nyepesi zaidi. Filta imefungwa kinyume, oili ikaingilia tundu la katikati lenye nyuzi za skrubu na kutokea matundu madogo ya pembeni, hata karatasi ikasukumwa nje na kuchanika. Oili iingie pembeni na kutokea katikati. Au mpira wa kuzibia umebaki kwenye filta ya zamani na mpya imefungwa bila mpira, au imefungwa juu ya mipira miwili. Hayo hukaguliwa kwa dakika moja kwa macho na kidole.

Oili ina rangi ya chai ya maziwa

Ikiwa kuna sehemu moja ya andiko hili ambayo ningependa isomwe mara mbili, ni hii, kwa sababu maji ndani ya oili ndiyo yaliyonipotezea mali na nusura yanipotezee ngozi ya mikono.

Kwanza hakikisha kwamba ni maji. Pasha bapa dogo la chuma mpaka tone la maji likidondoshwa juu yake litatarike mara moja, liondoe kwenye moto, vaa miwani, kisha dondoshea tone moja la oili inayotiliwa shaka. Oili kavu hutandaa kimya na kutoa moshi mwembamba. Oili yenye maji hutoa vijipovu na kutatarika kama kitunguu kilichotupwa kwenye mafuta ya moto. Na jinsi maji yanavyozidi ndivyo sauti inavyozidi. Jaribio hili halikupi idadi, lakini linakupa jibu la ndiyo au hapana, na kwa kazi yetu hilo linatosha.

Pili, uliza maji yametoka wapi, kwa sababu matibabu yanategemea chanzo. Katika mji huu wa pwani, chanzo kikubwa ni mapipa yanayosimama nje wakati wa masika. Watu hukaza mfuniko kwa spana na kuamini kwamba pipa limefungwa, lakini pipa lililosimama hupumua. Mchana jua hulipasha, hewa iliyomo hutanuka na kupenya kidogo kupitia nyuzi za skrubu za mfuniko. Mvua ya ghafla inapolipoza, hewa husinyaa, na pipa hufyonza ndani kile kilicho juu ya mfuniko, yaani maji yaliyotuama ndani ya ukingo. Nimeshatoa zaidi ya lita 10 za maji katika pipa ambalo mwenyewe aliapa kwamba halikufunguliwa tangu Machi, na hakusema uongo. Lilaze pipa ubavu, mifuniko yake miwili ikiwa usawa mmoja kulia na kushoto ili oili iifunike kwa ndani, au liweke chini ya paa.

Maji ya mvua yanatibika. Oili ya injini ina sabuni zake zinazoshika maji, kwa hiyo hayajitengi kwa saa moja kama kwenye mafuta ya kupikia. Yanahitaji joto na muda. Pasha oili hadi nyuzi 70 kwa njia ya maji ya nje, iache ipoe yenyewe usiku kucha bila kuikoroga, asubuhi fungua koki ya chini mpaka maji na ute wa kijivu viishe, kisha rudia. Mara tatu kwa kawaida zinatosha. Kijasho kidogo kinachobaki huondoka pipa lisilojaa likikaa wazi katika joto la jua kali, chini ya bati linalozuia mvua, hasa miezi ya kaskazi.

Maji ya rejeta yenye kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, hayatibiki, na ninasema hivyo baada ya kupoteza siku nyingi kujaribu. Oili iliyotoka kwenye injini ambayo gasketi ya silinda hedi imeungua hubaki na rangi ya chai hata baada ya joto na siku kumi za kutulia, na huacha ute unaonata kwenye kuta za pipa. Dumu moja la namna hiyo huharibu pipa zima. Tangu hapo kila dumu linaloletwa kwangu hufunguliwa na kutazamwa kabla halijamiminwa, na lenye maziwa hutengwa.

Sasa kuhusu ngozi ya mikono. Zamani nilikuwa napasha oili kwa kuni moja kwa moja chini ya pipa. Masika moja, pipa likiwa limejaa zaidi ya nusu, kijana wangu akaniita kutoka uani: "Fundi, oili imeanza kuimba." Nilifika nikaikuta inanguruma chini chini. Maji yaliyokuwa yamelala kitakoni yalikuwa yamepita nyuzi 100 chini ya oili nzito, na tone moja la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Oili ilifura kama maziwa yanayochemka, ikapanda ukingoni, ikamwagikia kuni, na moto ukasimama kufika usawa wa paa. Tuliuzima kwa mchanga. Tungetumia maji tungeusambaza uwanja mzima. Viganja vyangu vilipata malengelenge kwa sababu nilijaribu kufunga koki iliyokwisha kupata moto. Ndiyo sababu mtambo wangu wa leo hupasha oili kwa maji yaliyoizunguka: maji hayo hayawezi kuvuka nyuzi 100, kwa hiyo oili iliyo ndani haiwezi kufika mahali pa kurusha mvuke. Ni njia ya polepole, na sijutii hata dakika moja ninayoipoteza.

Pampu inalia na oili inatoka na povu

Pampu ikilia kama kwamba inasaga kokoto, na vijipovu vikionekana kwenye mpira angavu, hewa inaingia upande wa kuvutia. Wengi hutafuta mahali panapovuja oili na hawapaoni, kwa kuwa upande huo hautoi oili nje bali unavuta hewa ndani. Paka oili safi kwenye kila kiungo kuanzia pipa hadi pampu huku pampu ikizunguka. Kiungo kitakachofyonza oili hiyo na sauti ikabadilika ndicho chenye kosa. Kikaze au ukifunge upya kwa tepu ya bomba.

Kama hakuna kiungo kinachofyonza, rudi kwenye swali la joto. Oili baridi haiwahi kufika kwenye pampu, pampu hubaki na utupu, na sauti yake ni ile ile. Huenda pia umeweka filta upande wa kuvutia. Ihamishie upande wa kusukuma, na kabla ya pampu ubakize wavu wa matundu makubwa tu. Bomba la kuvutia liwe pana na fupi.

Mipira inalainika, inavimba au inavuja

Mpira wa asili, kama ule wa tyubu za baiskeli ambao hukatwa na kufanywa gasketi, huvimba ndani ya oili na kugeuka kama ulimi wa ng'ombe. Tumia mipira ya dizeli au ya haidroliki, ambayo imetengenezwa kuvumilia mafuta. Mabomba ya plastiki ya maji yanafaa kwa maji ya kisima. Kwenye nyuzi 60 huanza kulegea na viungo vyake vya gundi huachia.

Jambo la kushika sana: usichomelee pipa lililowahi kuwa na oili, petroli au dizeli ili kupachika koki, hata kama limeoshwa. Mvuke uliobaki kwenye mikunjo ya kitako hulipuka, na mafundi wamekufa kwa kosa hilo. Koki zangu zote zimepachikwa kwa kutoboa kwa mkono na kubana kwa nati na gasketi pande mbili.

Oili ni nyepesi mno au inanuka petroli

Acha kupasha moto papo hapo. Oili safi ya injini huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye joto la nyuzi 200 hivi, lakini iliyochanganyika na petroli hutoa mvuke huo hata kwenye joto la kawaida la Tanga, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka uukute moto ulio mbali.

Kama pua inasita, tumia kopo. Toboa tundu la msumari katika kitako cha kopo, lijaze oili mpya ya 15W-40, na uhesabu sekunde mpaka liishe. Kisha lijaze oili yako ikiwa na joto lile lile. Ikiisha kwa nusu ya muda, imeingiwa na petroli au dizeli nyingi. Yenye dizeli inafaa kwa kichomeo. Yenye petroli itengwe katika dumu lake, ifungwe, iandikwe, na isipashwe wala isichanganywe. Mara nyingi imetoka kwa fundi anayeoshea vipuri kwa petroli na kumwaga kila kitu katika dumu moja. Mazungumzo naye, kwa heshima, yatakusaidia kuliko filta yoyote. Mwombe pia asichanganye humo mafuta ya breki, na mtu yeyote akikuletea oili ya transfoma usiipokee, kwa kuwa transfoma za zamani ziliwekwa mafuta yenye sumu ambayo haiondoki kwa kuchujwa na huzaa sumu mbaya zaidi ikichomwa.

Kichomeo kinaziba au moto unatoa moshi mweusi

Tundu la kichomeo likiziba kila siku ilhali chupa ya kioo haionyeshi mashapo, tazama bomba kati ya pipa safi na kichomeo, maana tope la zamani hujificha humo. Moshi mweusi ni upungufu wa hewa au oili iliyofika ikiwa baridi. Ongeza upepo wa kipulizio kabla ya kupunguza oili. Majivu ya kijivu yanayobaki yana zinki, kalsiamu na metali nyingine zilizotoka kwenye dawa za oili na chuma za injini, na kwa sababu hiyo moto huu usitumike kuokea mikate, kukaushia samaki wala kupikia chochote.

Tope, filta kuukuu na mikono

Kila lita 200 huacha tope na maji machafu yasiyofaa kwa kazi yoyote. Mifereji yetu ya mvua huishia baharini, na bahari hii ndiyo iliyotengewa hifadhi ya silikanti, samaki adimu wa kale, mwaka 2009. Walio bara kidogo wako karibu na Mto Zigi, ambao bwawa lake la Mabayani ndilo linalotupa maji ya kunywa. Oili iliyotumika ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na anayekusanya kwa wingi inampasa kuiona NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla hajaanza. Tope langu hukaa katika pipa lenye mfuniko, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, mpaka lichukuliwe na mwenye kibali. Filta kuukuu huinamishwa juu ya wavu usiku mzima kabla ya kuingia humo. Glavu za mpira zisizopitisha mafuta huvaliwa muda wote, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa wanaoishika kila siku, na kunawa mikono kwa petroli, kama wengi wetu tulivyofundishwa utotoni gereji, huzisaidia kupenya zaidi.

Kila pipa linapomalizika kuchujwa, jaza chupa moja ya kioo, andika juu yake tarehe, gereji ilikotoka oili na presha ya geji mwanzoni na mwishoni, kisha iweke kwenye rafu mahali penye kivuli. Dalili yoyote itakapojitokeza, shusha chupa tatu za mwisho na uzilinganishe kwenye mwanga wa dirisha kabla hujashika spana.